Neno nililopaswa kuliacha kwenye ramani

Kikombe kilishuka polepole hadi kwenye kisahani, na hakikunyanyuliwa tena jioni ile.

Nilikuwa zamu katika makao ya wazee ninakofanya kazi hapa Alta, kaskazini kabisa mwa Norwe. Nje giza lilikuwa limeshuka tangu saa nane mchana, maana ilikuwa Desemba na jua huku mwezi huo halichomozi. Mzee mmoja, mwenye miaka 80 na ushei, alikuwa amefika nusu ya kahawa yake. Mimi nilikuwa na ile furaha ya mtu aliyesoma kitu kipya usiku wa kuamkia siku hiyo na hajapata wa kumsimulia. Nilikuwa nimesoma asili ya jina la kaunti hii. Nikamwambia kwa Kinorwe changu cha kuokoteza:

"Kumbe Finnmark maana yake ni nchi ya mafinn. Yaani ninyi wenyewe! Wewe ni finn."

Nilidhani namtukuza. Nilidhani namwambia: hapa ni kwako, hata ramani inakiri.

Alinitazama kidogo. "Hapana," akasema. Kisha akageuza kiti chake kuelekea dirishani, kwenye giza.

Nikabaki nimeshika birika.

## Chumba cha kubadilishia nguo

Mwenzangu wa zamu ni mama aliyezaliwa kwenye moja ya zile ghuba ndefu za bahari upande wa mashariki. Nilipomweleza, aliacha kufunga kiatu.

"Umemwita nani?"

Nikarudia neno, safari hii kwa sauti ya chini.

"Hilo neno," akasema, "alianza kurushiwa akiwa darasa la kwanza. Na halikuja peke yake. Lilikuja na mipira ya theluji yenye mawe ndani."

Akamaliza kufunga kiatu, akaondoka. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Huku watu wote huitana kwa jina la kwanza, daktari na mfagizi, mjukuu na babu. Miaka yote hii nimeshindwa kuzoea. Mdomoni namwita yule mzee kwa jina kama wanavyofanya wengine, moyoni namwita mzee. Nimebeba adabu za Kaloleni kutoka pwani ya Kenya hadi huku kwenye barafu, nikazilinda kama mayai, halafu nikaja kuziangusha kwa neno moja la silabi moja.

Wiki kadhaa zimepita. Nimekuwa nikilichimba lile neno kila usiku nikitoka kazini. Mwanzoni nilichimba ili nijitetee.

## Finn si Mfini

Jina rasmi la kaunti ni matatu: Finnmark kwa Kinorwe, Finnmárku kwa Kisami cha kaskazini, lugha ya Wasami, wenyeji wa asili wa huku, Finmarkku kwa Kikven, lugha ya watu ambao mababu zao walihamia huku kutoka bonde la mto Torne na Ufini ya kaskazini. Mtu akisikia "Finn" anafikiria Ufini, na hapo ndipo anapopotea. Kwa Kinorwe cha kale, finn alikuwa Msami. Wafini wenyewe waliofika huku waliitwa majina mengine, kvener likiwa mojawapo, na kwao Ufini ni Suomi. Jina Finland wamebandikwa na majirani zao Waswidi.

Halafu ukienda kusini, karibu na mpaka wa Uswidi, kuna eneo linaitwa Finnskogen, msitu wa mafinn. Huko finn ni Mfini kweli: wakulima waliovuka kuja katika karne ya 17, wakichoma misitu na kupanda nafaka ndani ya majivu. Nchi moja, neno moja, watu wawili tofauti. Novemba 2024 Bunge la Norwe lilipoomba radhi rasmi kwa sera za kuwalazimisha watu wawe Wanorwe, makundi yaliyotajwa yalikuwa Wasami, Wakven, na hao Wafini wa msituni. Mafinn wa aina zote wakaombwa radhi siku moja.

Neno lenyewe lilitoka wapi? Ukitaka kitanda cha mtumba Norwe unaingia kwenye tovuti ya Finn.no, na finn hapo ni kitenzi, amri: tafuta, pata. Nilinunua kitanda changu huko, na koti langu la kwanza la baridi. Wapo wanaisimu wanaoona kwamba jina la watu na kitenzi hiki ni ndugu, kwamba finn wa kale alikuwa "mwenye kutafuta", mtu anayeishi kwa kuwinda na kuokota badala ya kulima. Wengine hawakubali. Mimi nililipenda wazo hilo kupita kiasi, na sasa najua sababu: lilikuwa linanipa ruhusa. Kama asili yake ni mtafutaji, basi nilimsifu yule mzee, na tatizo ni lake.

Siku tatu nzima nilikaa na utetezi huo.

## Dhiraa 60 za kamba

Uliovunja utetezi wangu ni mzigo wa ngozi.

Mwishoni mwa karne ya 9 Mnorwe aitwaye Ottar alifika kwa mfalme Alfred, aliyetawala Wessex huko Uingereza kuanzia 871 hadi 899. Ottar alitoka Hålogaland na alimwambia mfalme kwamba hakuna Mnorwe anayeishi kaskazini kumpita yeye. Masimulizi yake yaliandikwa kwa Kiingereza cha kale, na ni miongoni mwa maelezo ya mwanzo kabisa ya nchi hii kutoka kinywani mwa mtu anayeijua kwa miguu yake. Anasema kaskazini kwake nchi ni tupu, isipokuwa hapa na pale wamepiga kambi Finnas, wakiwinda wakati wa baridi na kuvua samaki wakati wa kiangazi.

Kisha anaeleza utajiri wake. Ana ng'ombe 20, kondoo 20, nguruwe 20, na kulungu wa kaskazini 600 waliofugwa. Lakini mali kubwa ya watu wa hadhi yake, anasema, ni kodi wanayoipata kwa Finnas. Kila mmoja hulipa kwa cheo chake. Mwenye cheo cha juu kabisa hutoa ngozi 15 za mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, ngozi tano za kulungu, ngozi moja ya dubu, vipimo kumi vya manyoya ya ndege, koti la ngozi ya dubu au ya fisi maji, na kamba mbili za meli, kila moja urefu wa dhiraa 60, moja ya ngozi ya sili na nyingine ya ngozi ya nyangumi. (Huyo nyangumi pengine ni walrasi, maana Ottar mwenyewe anasifia ngozi yake kwa kazi hiyo.)

Hebu ikae akilini hiyo kamba. Ngozi ya mnyama mkubwa wa baharini hukatwa kwa mzunguko, kuanzia ukingoni ukiingia ndani, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda, ili itoke ukanda mmoja mrefu usio na kiungo. Kisu kikiteleza mara moja tu, kamba imekatika. Mtu fulani, kwenye pwani fulani ya huku, alikaa na kisu siku nyingi akiumba kamba ya kufungia meli ya mtu mwingine.

Mtu huyo jina lake hatulijui. Ameandikwa finn.

Na hapo ndipo nilipoacha kujitetea. Neno hili halikufika kwetu kupitia wimbo wala kisa cha mapenzi. Limefika kupitia kinywa cha mtoza kodi akijisifu mbele ya mfalme. Karne nane kabla ya Ottar, mwaka 98, Mrumi Tacitus aliwataja Fenni, watu wasio na silaha za chuma, wasio na farasi wala nyumba, wanaolala chini. Bado wataalamu wanabishana kama hao ndio Wasami, na mabishano hayo sina haja nayo. Ninachokiona ni kwamba kila anayeandika jina hilo anaandika akiwa nje, na macho yake yanahesabu walichokosa au wanachoweza kutoa.

## Mark

Nusu ya pili ya jina ilinipa kazi kuliko ya kwanza.

Kamusi zinasema mǫrk kwa Kinorse cha kale ni msitu. Nikamwambia yule mwenzangu wa zamu, tulipoanza kuzungumza tena, kwamba Finnmark ni "msitu wa mafinn", na safari hii neno nililitamka kwa tahadhari, kama kitu cha kwenye kabati la makumbusho. Akacheka. "Msitu gani? Umepanda kwenye vidda?"

Kweli, hapa Alta bondeni kuna misonobari mirefu. Lakini ukipanda uwanda wa Finnmarksvidda, miti inakuwa midogo, inapinda, inafika magotini, halafu inakwisha. Linabaki anga, mawe, na majani ya kahawia. Mtu wa kwanza kupaita pale msitu angekuwa mtani.

Ila mzizi wa neno ni mkubwa zaidi. Katika lugha za kale za jamii ya Kijerumani ulimaanisha mpaka, na ni ndugu wa neno la Kilatini margo, ukingo. Ndiyo mark iliyomo katika Danmark na Telemark. Makabila ya kaskazini yalitenganishwa na misitu mizito isiyo na mwenyewe, kwa hiyo mpaka na msitu vikawa kitu kimoja. Pale kijiji kinapoishia, ndipo mark inapoanzia. Mpaka leo watu wa Oslo wakienda kuteleza kwa ski Jumapili husema wanakwenda marka. Na kusini mwa Troms, kaunti jirani, kuna Wasami wanaoitwa markasamer, Wasami wa marka, kwa sababu makazi yao yako juu, nyuma ya vijiji vya pwani.

Nikaanza kutafuta Kiswahili chake. Msitu, hapana. Mpaka, hapana. Pori, inakaribia. Nilikuwa nasubiri basi, pumzi ikiganda kwenye skafu, neno likanijia lenyewe bila hodi.

Nyika.

Nchi ya nyuma ya pwani. Iliko baada ya minazi kuisha. Isiyo tupu, ila mtu wa mjini huiona tupu. Nyika ndiyo mark, haipungui haizidi. Na mtu wa nyika, akitajwa na mtu wa mjini, huitwaje?

Basi lilipofika sikupanda.

## Shangazi

"Shangazi, zamani watu wa mjini walituitaje?"

Alikuwa nje, nasikia kuku. "Hee, mwanangu, umepiga simu kutoka Ulaya kuniuliza matusi?"

"Nataka kulisikia kwako."

"Wanyika," akasema. "Babu yako alikuwa akishuka Mombasa na mzigo wa nazi, anaambiwa: we Mnyika, weka hapo. Hawamuulizi jina." Akanyamaza. "Yeye hakuwa anajibu. Alikuwa anaweka mzigo, anahesabu pesa zake, anarudi."

Jambo hili sikuhitaji kulisoma mahali, ila nilikuwa nimelisahau, au sijawahi kuliweka kwenye mizani moja na mambo ya huku. Mmishenari Mjerumani Krapf alipofika Rabai miaka ya 1840 aliandika Wanika, na vitabu vikafuata hivyo hivyo miaka mia moja. Jina Mijikenda, miji tisa, lilishika kuanzia miaka ya 1940, watu wenyewe walipoamua kujiita. Mimi ni Mgiriama niliyezaliwa baada ya mapambano ya jina hilo kwisha. Nimekua nikiwa Mijikenda bila kujua kwamba kuna mtu aliyelipigania jina hilo. Laiti mgeni mchangamfu angemwendea babu yangu na birika la chai, akamwambia: "Nimesoma, kumbe asili yake ni neno zuri tu, nyika, nchi ya wazi. Wewe ni Mnyika!"

Babu angeweka kikombe chini.

## Jina ambalo sikulikuta

Nikadhani sasa nimeelewa kila kitu. Hadithi ilikuwa imenyooka: mgeni alibandika jina, bila shaka wenyewe wana jina lao la siri, nilitafute, nimpelekee mzee kama fidia.

Sikulikuta.

Wasami wana jina la nchi yao yote, Sápmi, linalovuka Norwe, Uswidi, Ufini hadi Urusi. Wana majina ya kila kilima na kila kona ya mto. Lakini kwa umbo hili la kaunti, wanasema Finnmárku. Ni lile lile la mtoza kodi, limevalishwa sauti ya kwao. Nilikasirika kidogo, kana kwamba wamenikosea mimi. Ilinichukua siku kadhaa kuona kwamba swali langu ndilo lililokuwa bovu. Watu waliishi kwa siida, kundi la familia na maeneo yake ya kuwinda, kuvua na kulisha. Mpaka na Uswidi ulichorwa 1751, wa Urusi 1826, na umbo lililobaki katikati ni la serikali. Kwa nini mtu awe na jina la kale la kitu ambacho hakikuwapo?

Na kuna jambo lililonichanganya zaidi. Mwaka 2018, serikali ilipotaka kuiunganisha kaunti hii na Troms, watu wa Finnmark waliitisha kura yao. Asilimia 87 walikataa. Wakaunganishwa hata hivyo Januari 2020, na tarehe 1 Januari 2024 wakatengana tena. Waliopiga kura hiyo ni Wanorwe, Wasami na Wakven pamoja, na walio wengi walitaka wabaki Finnmark. Mwenzangu wa zamu, huyo huyo ambaye neno finn humkaza taya, alipiga kura kuitetea Finnmark. Nilimuuliza inawezekanaje.

"Finnmark ni kwetu," akasema. "Finn ni kile walichotuita. Si neno moja."

"Lakini kihistoria..."

"Si neno moja."

Mwanaisimu angebisha. Mimi nimeacha. Ndani ya jina la mahali neno limelala, limekuwa sauti tu, hakuna anayelitafsiri akinunua maziwa. Ukilitoa humo na kumwelekezea mtu usoni, linaamka na kila kitu lilichowahi kufanya. Na lilifanya mengi. Chini ya sheria ya 1902 ardhi ya serikali hapa iliuzwa kwa raia wa Norwe wanaojua kusema, kusoma na kuandika Kinorwe na kukitumia kila siku, na viwanja vilitakiwa viwe na majina ya Kinorwe. Sheria hiyo ilikaa hadi 1965. Yule mzee alikuwa kijana mzima wakati huo, na baba yake alikuwa na nyasi za kukata kwenye kiwanja ambacho jina lake la nyumbani halikukubalika kwenye karatasi.

Hilo la nyasi sikulisoma. Aliniambia mwenyewe.

## Kahawa ya pili

Nilimwendea Januari, wiki jua liliporudi. Huku siku hiyo watu husimama madirishani. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, nimeifanyia mazoezi kwenye basi, na vitenzi vyote vilikuwa mahali pake. Nilipoketi nikasema tu: "Lile neno. Samahani."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Akanyoosha kikombe nimwagie.

Kisha akaomba kalamu. Nyuma ya karatasi ya menyu ya chakula cha mchana akaanza kuandika, kwa mkono unaotetemeka, maneno yasiyo na makuu. Johka, mto. Jávri, ziwa. Várri, mlima. Njárga, ncha ya nchi inayoingia baharini. Vuotna, ghuba. Akachora ramani ya mahali alipozaliwa, na ndani yake akatia majina nisiyoweza kuyatamka, kila moja likieleza kitu: penye mawe, penye samaki fulani, pa kukatia nyasi. Guovdageaidnu, mji ambao kwa Kinorwe ni Kautokeino, akaugawa kwa kalamu vipande viwili: guovdu, katikati, geaidnu, njia. Nusu ya safari.

"Huna haja ya kamusi," akasema. "Ukifika utaona tu kwamba ni nusu ya safari. Miguu itakwambia."

Nilinakili. Alama ya juu ya a niliisahau mara mbili, akairudishia mwenyewe.

"Na kwenu?" akauliza. "Kunaitwaje?"

"Kaloleni."

Akajaribu. Kaa-lo-le-ni. Alitamka vizuri kuliko mimi ninavyotamka majina ya kwao.

"Maana yake?"

"Kulola kwetu ni kutazama. Kaloleni ni kama kuwaambia watu: nendeni mkaangalie."

Akafikiri. Jua lilikuwa limeshika ukingo wa mlima ng'ambo ya maji, jekundu, la dakika chache tu.

"Basi ndiyo maana unauliza maswali mengi hivi," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.